Mzee Masatu Kwangu na Vichwa Mia Moja Arobaini vya Dalia

Leo Jumamosi, tarehe 30 Septemba 1978, Ndugu Masatu Kwangu, mtunza bustani wa Kituo cha Mafunzo ya Ushirika Ziwani, hapa Musoma, anastaafu baada ya kuitumikia bustani hii moja kwa miaka ishirini na saba kamili. Katika miaka hiyo wamepita wakuu wa kituo sita, na magari matatu yamefia pale nyuma ya bohari. Mzee Masatu yupo tu, na debe lake.

Wageni wetu, mkiingia langoni mtaona matuta ya mbele yamejaa miche ya dalia iliyokatika vichwa, yote sawasawa, kama waliopangwa foleni ya kinyozi. Msiulize ni mbuzi wa nani. Aliyefanya hivyo ni mstaafu mwenyewe, Jumanne asubuhi, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Maua njooni myaone Desemba.

Kamati ya sherehe ilinikabidhi kazi hii mimi, Dorkas Gati, katibu muhtasi wa kituo, ikaniomba ukurasa mmoja. Kamati inisamehe. Kuna jambo la mwaka 1971 ambalo sijawahi kulisema mbele ya wafanyakazi wenzangu, na nikilinyamazia leo Mzee atapanda basi la Bunda akaenda zake kwao bila kuombwa radhi mbele ya watu. Ila wasifu una taratibu zake, kwa hiyo nianze alikoanzia yeye.

Mzee Masatu alizaliwa Kibara, katika nyumba ya wavuvi ambamo yeye peke yake hakupenda mtumbwi. Husema maji yanamtosha yakiwa kwenye debe. Tarehe mosi Oktoba 1951 aliajiriwa kwenye boma hili hili tunalofanyia kazi, wakati huo likiwa makazi ya mzungu aliyeitwa Bwana Pamba kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa zao hilo. Cheo chake kilikuwa shamba-boi, ingawa tayari alikuwa mume wa Mama Nyamburi na baba wa watoto wawili. Aliyeleta viazi vya dalia ni mke wa Bwana Pamba, kutoka Nairobi, kwenye sanduku lililojazwa maranda ya mbao. Mama huyo alitaka kila mche utoe ua moja tu, kubwa kama sahani ya wali, apeleke kwenye mashindano yao akachukue kikombe. Vitumba vingine vyote Masatu aliamriwa aving'oe. Aliving'oa miaka kumi, na anakiri kwamba roho ilimuuma kila mara.

Uhuru ukaja, wenyewe wakafunga mizigo. Kikombe kilikwenda nao, viazi vikabaki. Mwaka 1963 boma likawa kituo cha mafunzo, wakaanza kuja wakulima wa pamba kutoka Bunda, Butiama na kwingineko kujifunza mambo ya ushirika, na shamba-boi akawa Ndugu Mtunza Bustani mwenye barua ya ajira na likizo ya mwaka. Barua ile aliipeleka kanisani ikaombewe.

Ufundi wake wa dalia hakufundishwa na mtu. Mwaka 1964 mbuzi jike wa jirani aliingia kwenye tuta la kwanza, akakata kichwa cha kila mche kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mzee anasimulia kwamba aliketi chini kabisa, akashika tama, akawa anatunga maneno ya kumwambia Mkuu wa Kituo. Baada ya wiki tatu akaona kila penye jani pametoka tawi, upande huu na upande huu. Msimu ulipofika, tuta lililoliwa na mbuzi lilikuwa na maua mara tatu ya yale mengine. Hapo ndipo alipokumbuka jinsi mama yake kule Kibara alivyokuwa akichuma ncha za maboga kwa mboga, na jinsi boga lilivyozidi kutawanyika kadiri linavyochumwa. Alijiona mjinga kweli: miaka kumi na mitatu bustanini, na mwalimu akawa mbuzi.

Tangu hapo utaratibu wake haujabadilika. Mche ukishatoa majani jozi nne, unamwagiliwa jioni ili asubuhi uwe mkakamavu. Asubuhi, kabla jua halijakaza, unaishika ile ncha changa juu ya jozi ya nne, unaivunja. Kisu hakitakiwi, maana kinaponda. Ncha ikilia kidogo inapovunjika, mche uko tayari. Ikijikunja kama uzi, umechelewa. Kisha unaweka samadi, unasimika fito, unangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mche uliovunjwa kichwa unachelewa kutoa ua kuliko ambao haukuguswa, na mtu mwenye haraka anaona hasara tupu.

Ya kuchekesha ni mengi. Mwaka 1974, tulipoambiwa kilimo ni cha kufa na kupona na kila ofisi ikalima hadi mlangoni, boharia wetu Ndugu Boniphace alichimba viazi vya dalia akidhani ni viazi vitamu vya mbegu mpya, akavichemsha, akavila na chai. Mzee Masatu aliposikia hakuuliza hali ya Boniphace, aliuliza vilikuwa vya rangi gani. Vilikuwa vya zambarau. Ndugu Boniphace yu mzima, yumo humu ukumbini, na hadi leo anasema vilikosa chumvi tu.

Sasa nije kwenye la mwaka 1971.

Mwaka ule taifa letu lilikuwa linatimiza miaka kumi ya Uhuru. Kituo kilipangiwa kupokea wageni tarehe 9 Desemba, na Mkuu wetu wa wakati huo, Ndugu Clementi Jilala, aliyekuwa bado mgeni hapa na hajawahi kuona msimu wa dalia, alitangaza kwamba siku hiyo bustani lazima iwake. Ndugu Jilala sasa yuko mkoani kwao; nimemwandikia kumwomba ruhusa ya kumtaja, akajibu kwamba nieleze yote. Mzee Masatu alipanda miche mia moja hamsini na miwili, kuanzia langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Hatujawahi kuwa na dalia nyingi kiasi hicho.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nina miezi minne kazini, na beji ya Umoja wa Vijana kifuani. Baba yangu ni mkulima wa pamba, nje kidogo ya Bunda. Nikiwa darasa la tano, mtu aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba alipita kwenye pamba yetu changa akavunja vichwa mistari minne. Wazee walikaa siku mbili, na mtu yule akatozwa mbuzi wawili. Kwetu sisi, anayevunja kichwa cha mmea unaostawi haulizwi ana maana gani. Ana chuki, basi.

Jumatatu ya tarehe 27 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa natoa kifuniko kwenye mashine ya kuchapia, nilitazama nje nikamwona Mzee Masatu ameinama. Anashika, anavunja, anatupa kwenye kikapu. Anasogea, anavunja tena. Kikapu kilikuwa kimeshajaa. Damu ilinipanda. Redio kila siku ilituambia tuwe macho na wahujumu, na mimi nikajiona ndiyo siku yangu imefika. Sikwenda kumuuliza. Ningetembea hatua thelathini tu nimuulize, Mzee unafanya nini, angenieleza. Badala yake nilikwenda ofisini kwa Ndugu Jilala nikamwambia kwamba mtunza bustani anaharibu maua ya Uhuru.

Aliyemchongea Mzee Masatu ni mimi. Miaka saba watu wa kituo wamesema labda ni dereva, labda ni mpishi. Ni mimi, Dorkas.

Ndugu Jilala alitoka mwenyewe akamsimamisha. Ilikuwa imebaki miche kumi na miwili karibu na mlingoti. Hiyo ikaponea hapo. Hakutaka maelezo ya mdomo. Alinisomea barua, nami nikaichapa na nakala mbili za kaboni: Ndugu Masatu Kwangu ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asifukuzwe kazi kwa kuhujumu maandalizi ya sherehe za kitaifa. Kisha akanisomea ya pili, ya kumfukuza, akaniambia niache nafasi ya tarehe na niifungie kwenye droo yangu. Mzee wakati huo alikuwa na watoto sita, na wote walikula kwa mshahara huu.

Mzee Masatu hakujua kusoma. Elimu ya watu wazima ilikuwa bado haijamfikia. Sasa anasoma hata gazeti, anaanzia na mpira. Basi saa nne asubuhi alinawa mikono, akavua kofia, akaja na barua ile mezani kwangu mimi niliyeichapa, akaniomba nimsomee. Nilimsomea. Neno la kuhujumu nililirudia mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho akaniuliza kama ninaweza pia kumwandikia jibu.

Nilitaka sana aniambie kwamba si yeye, au kwamba alikuwa amelewa, chochote. Alisema hivi:

"Andika kwamba ni kweli nimevunja. Andika na hesabu, mia moja na arobaini. Andika kwamba zimebaki Jumapili kumi kufika sikukuu, na Jumapili ya kumi maua yatakuwa yamefunguka. Yasipofunguka nitaondoka mwenyewe, wasihangaike na barua."

Niliandika. Mambo ya mbuzi na ya maboga alinieleza wakati huo huo, kwa upole kabisa, huku akinionyesha kwa vidole, nami nikayaandika yote, kurasa mbili. Niliirudia mara tatu hadi isiwe na herufi hata moja iliyopotoka. Nilipokuwa nachapa ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimekwishaelewa, na bado nikanyamaza, maana niliogopa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la kwanza.

Ndugu Jilala alisoma zile kurasa mbili akacheka kwa pua, akasema kwamba atangoja hiyo tarehe 9 Desemba, na kwamba barua ya kufukuza isitoke kwenye droo.

Jamani, mwaka ule sikula. Oktoba yote nilihesabu majani. Mwanzoni mwa Novemba ile miche kumi na miwili ambayo haikuvunjwa ikachanua, mirefu, kila mmoja na ua lake kubwa jekundu. Watu wakaenda kuitazama. Ndugu Jilala alikata moja akaliweka mezani kwake kwenye glasi, na kila aliyeingia alionyeshwa: tazameni, hivi ndivyo yote ingekuwa. Miche mia moja na arobaini ilikuwa kijani kitupu. Minene, mifupi, imetawanya matawi, lakini ua hakuna. Mpishi alisema hiyo ni mchicha. Mzee aliendelea kumwagilia asubuhi na jioni, akafunga fito, akamsalimu kila mtu, hata Ndugu Jilala, kama kawaida. Mimi alinipita kila siku akiniuliza habari za Bunda, na kila siku nilijibu nzuri, huku barua yake imelala kwenye droo usawa wa goti langu.

Wiki ya mwisho ya Novemba nikaona vitumba. Nilianza kuhesabu mche wa kwanza, nikafika kumi na saba, nikarudia kwa sababu sikuamini. Lakini kitumba si ua, na mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Jumapili ya tarehe 5 Desemba, baada ya ibada, sikwenda nyumbani. Nilikuja kituoni kwa miguu na viatu vya kanisani. Yalikuwa yameanza kufunguka. Mekundu, ya manjano, ya zambarau, na yale meupe yenye ncha nyekundu ambayo hata Mzee hajui jina lake. Nililia pale langoni peke yangu, na sioni aibu kusema.

Jumanne upepo wa ziwani uliingia na mvua yake. Ile miche kumi na miwili mirefu, ambayo maua yake yalikuwa yameshazeeka, ililala chini yote. Ile mifupi ilitikisika, ikamwaga maji, ikasimama. Alhamisi, siku ya sikukuu, wageni walikuta bustani ambayo watu wa Musoma wanaizungumzia hadi leo. Akina mama wa ushirika kutoka Butiama waliuacha mstari wa mapokezi wakaanza kuhesabu maua ya mche mmoja kwa sauti, na walipofika ishirini na tatu wakapiga vigelegele. Ndugu Jilala, kwenye hotuba yake, aliwaeleza wageni kwa kirefu jinsi kituo kilivyoamua kuvunja vichwa vya dalia, ili ua moja kubwa la mtu mmoja liwe maua mengi ya watu wote, na kwamba huo ndio ujamaa. Alipigiwa makofi sana. Mzee Masatu naye alipiga.

Siku ya pili Ndugu Jilala aliniagiza nichane barua iliyoko drooni, akamwita Mzee akamwomba radhi mlango ukiwa wazi, na Januari akampandisha daraja. Yeye alimaliza lake. Mimi langu nilibaki nalo.

Tangu hapo viazi vya Mzee Masatu vimetembea. Kila kundi la wanachuo linaloondoka linabeba vyake kwenye karatasi ya gazeti, na wote wamefundishwa kuvunja vichwa kwa mikono yao, mpaka mche ulie. Ukipita Bunda utaziona dalia mbele ya zahanati, na Butiama zipo kwenye shule. Mwezi uliopita tumesikia hata Kibara zimefika, kwenye ua wa dada yake, ambaye miaka yote alimwuliza maua yanaliwa na nani. Ndugu Ngolo, atakayeshika nafasi yake, amefundishwa miaka miwili, na Mzee anasema bado anavunja kwa woga, lakini woga huisha.

Jumatano iliyopita nilichukua baiskeli nikaenda Bweri, nyumbani kwake, na karatasi hizi mkononi. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia mbele ya watu. Mama Nyamburi alikuwa anafunga vyombo kwa ajili ya safari, akaacha, akaketi naye. Nilimsomea yote, tangu kikombe cha mzungu hadi hotuba ya Ndugu Jilala. Nilipofika kwenye jina langu niliziweka karatasi magotini.

Mzee alisema, "Mwanangu, nilijuaga tangu siku ile. Ulivyokuwa unanisomea, karatasi ilikuwa inatetemeka."

Nilimwuliza kwa nini basi, katika ofisi nzima yenye makarani wanne, alinichagua mimi nimwandikie jibu la kumwokoa.

"Nilijua utaliandika vizuri kuliko mtu yeyote," alisema.

Kisha akaniambia mche ule ulikuwa na maua ishirini na manne, akina mama walisahau moja la chini, na nisahihishe. Mama Nyamburi akaniletea uji. Nimeacha ishirini na tatu kama yalivyohesabiwa, ili wenye kumbukumbu wabishane naye leo baada ya chakula.

Mzee Masatu, kwa niaba ya Mkuu wa Kituo, wafanyakazi na wanachuo wote waliopita hapa tangu mwaka 1963, tunakushukuru kwa kila debe la maji. Tunakuombea safari njema hadi Kibara, afya kwako na kwa Mama Nyamburi, na miaka mingi ya kuamka asubuhi bila kengele ya kazi. Mimi binafsi ninasimama mbele ya wenzangu kusema kwamba nilikukosea, na kwamba nilichelewa miaka saba kukuomba msamaha ambao wewe ulikuwa umeshanipa siku ile ile, saa nne asubuhi, kofia yako ikiwa mkononi.